Sura ya Tano: Dughulushi, Ua la Mwambani

Dughulushi nyingi zinazofia majumbani huuawa na maji. Mtu huinunua ikiwa imechanua, akaiweka mezani sebuleni, kisha kila asubuhi akaimwagia kikombe kizima kwa mapenzi yake yote. Wiki chache hazipiti majani yanalegea. Akiyaona yamelegea hudhani mmea una kiu, huongeza maji, na mizizi iliyokuwa imeanza kuoza ndiyo inakwisha kabisa. Hapo huambiwa kwamba ua hili ni gumu, linataka mtaalamu na nyumba ya kioo. Si kweli hata kidogo. Ni ua la kwetu, na kila sharti lake laweza kusomwa kwenye miamba ya Tanga, Usambara, Uluguru, Taita na Kilifi, mahali lilipoota kabla mtu yeyote hajalitia kwenye chungu.

Kwa hiyo tuanzie mwambani. Katika Usambara Mashariki, kando ya vijito ambavyo msitu wake umebaki, utaziona zimejibandika kwenye kuta za mawe, mara nyingi pale jiwe linaposimama wima kama ukuta wa nyumba. Majani yake ni mazito kidogo, yana vinyweleo laini, nayo yamepangwa kwa duara kuzunguka kitovu kimoja, yamelala karibu na jiwe. Maua ni madogo kuliko yale ya dukani, rangi yake samawati inayoelekea zambarau, machache tu juu ya vikonyo vyembamba. Ukiinama utazame mmea umeshika nini, utashangaa kwamba hakuna udongo wa kuitwa udongo. Kuna kuvumwani, ule ukoga mzito wa kijani unaoota penye unyevu, na ndani yake ukufi wa majani yaliyooza yaliyonaswa na ufa wa jiwe. Mizizi ni myembamba kama uzi na haiendi mbali, kwa kuwa hakuna pa kwenda. Maji hupita hapo daima, kwa matone na kwa ukungu, lakini hayatuami. Jiwe lenyewe ni la baridi hata mchana wa jua kali. Mwanga hufika ukiwa umechujwa na matawi, ukizunguka zunguka kutwa, na jua lenyewe huligusa jani kwa dakika chache tu kisha likaondoka.

Mkulima wa dughulushi akiishika picha hiyo kichwani hahitaji vitabu vingi. Kila swali atakalokuwa nalo kuhusu chungu, maji, dirisha au mbolea, jibu lake liko pale kwenye ufa.

Inafaa pia kujua ua hili limezungukaje dunia, maana safari hiyo ndiyo iliyotuletea aina tunazonunua leo. Kabla ya Wajerumani, vielelezo vilivyokaushwa vilikuwa vimekwisha kufika bustani ya mimea ya Kew, Uingereza: John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka cha kwake mwaka 1884, na mwaka 1887 kikafuata cha Kasisi W. E. Taylor kutoka upande wa Giriama. Taylor huyo ndiye yule yule aliyekusanya methali za Waswahili na kuzitoa kitabuni mwaka 1891, na aliyehifadhi tungo za mshairi Muyaka kule Mombasa. Wapenzi wa lugha yetu wanalijua jina lake. Wachache wanajua kwamba mkono wake ulichuma pia ua hili. Vielelezo hivyo havikutosha kwa wataalamu wa Kew kuutambulisha mmea mpya, vikakaa makabatini.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliziona zikiota katika miamba ya chokaa karibu na mji na pia juu Usambara. Alizipeleka kwa baba yake Ujerumani, baba akazifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akautangaza mmea kwa jina la Saintpaulia ionantha, akiuheshimu ukoo huo. Mwaka huo huo ulionyeshwa Ghent, Ubelgiji, na mfanyabiashara wa mbegu Ernst Benary wa Erfurt akaanza kuuza mbegu zake. Mwaka 1926 kitalu cha Armacost and Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche mingi, kikachagua kumi iliyo bora. Mmojawapo uliitwa Blue Boy, na kutoka kwake zikazaliwa aina zisizo na idadi: nyeupe, za waridi, zenye petali zilizokunjamana, zenye majani ya mabaka. Kufikia mwaka 1946 Wamarekani walikuwa wameunda chama chao cha wapenzi wa ua hili. Bibi kizee wa Ohio akawa anazo kumi dirishani, na mtoto wa Muheza, aliyezaliwa chini ya mlima wake, hajapata kuiona hata moja. Hilo linanisikitisha kweli, na ndiyo sababu sura hii imo humu.

Wanasayansi nao wamebadilisha jina. Tangu mwaka 2015 wataalamu waliopima nasaba yake wameiingiza katika jenasi ya Streptocarpus, wakasema Saintpaulia si jamii ya peke yake. Wauza maua hawajajali, na mkulima hana haja ya kujali sana.

Kabla sijaingia kwenye chungu na maji, litazame ua lenyewe kwa karibu, kwa kuwa watu wengi hulifuga miaka bila kuona kilichomo. Petali ni tano, mbili ndogo juu na tatu pana chini. Katikati kuna vifuko viwili vya njano, vinene, vimeshikamana. Hivyo ndivyo vyenye chavua. Kando yake unatokeza mrija mwembamba wa kike, nao haukai katikati: katika ua moja umepinda kushoto, katika ua jingine umepinda kulia, kama mtu na sura yake kiooni. Vifuko vya njano havimwagi chavua ovyo. Nyuki fulani wanaoishi peke yao, si wale wa mzinga, hulikumbatia ua, hutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na mtetemo huo ndio unaoitoa chavua. Mtafiti Dino Martins aliwachunguza nyuki hao katika Milima ya Taita na kuandika habari zao mwaka 2008. Chavua humwangukia nyuki ubavu mmoja, na akifika kwenye ua lililopinda upande wa pili, ubavu ule ule ndio unaogusa mrija. Sebuleni hakuna nyuki wa namna hiyo, kwa hiyo dughulushi ya nyumbani haizai mbegu isipokuwa mtu aichavushe kwa mkono. Hilo si hasara, kama tutakavyoona kwenye jani.

Sasa maji, maana ndiyo yaliyoanzisha sura. Kanuni ni moja: tia kidole kwenye udongo, ukiona juu pamekauka ndipo unyweshe. Usifuate kalenda. Wakati wa masika mmea waweza kukaa siku nyingi bila kuhitaji tone. Wakati wa kaskazi, pepo zikiwa kavu, utahitaji mapema zaidi. Njia iliyo salama ni kutoka chini: weka chungu katika kisahani chenye maji, kiache kinywe kwa nusu saa, kisha yaliyobaki yamwage. Yamwage kweli, usiyaache. Chungu kinacholala kwenye dimbwi kimenyimwa hewa, na mizizi ile ya uzi haivumilii.

Maji yawe na joto la chumba. Hapa watu wa pwani wana nafuu, maana maji ya bomba lao ni vuguvugu karibu mwaka mzima. Lakini Lushoto, Njombe, Limuru au Nairobi mwezi wa Julai, maji yanayotoka bombani ni ya barafu. Tone la maji ya baridi likidondoka juu ya jani lenye joto, sehemu ya jani hujeruhiwa na kubaki na bato la manjano au weupe lisilofutika tena. Wengi hudhani ni ugonjwa na kununua dawa. Chota maji jioni, yaache ndani usiku kucha, uyatumie asubuhi, basi. Vumbi lipanguse kwa brashi laini ya rangi, usiyasugue majani, vinyweleo vyake ni sehemu ya ngozi yake.

Kuhusu mwanga, ushauri mwingi uliomo vitabuni umeandikwa kwa watu wa Ulaya wanaolia kwa giza la majira ya baridi. Sisi tuna tatizo la kinyume. Dirisha la mashariki ndilo bora kwetu: jua la asubuhi ni laini, na likianza kuchoma huwa limekwisha panda juu ya paa. Dirisha la magharibi lataka pazia jepesi, kwani jua la saa tisa halina huruma. Halafu kuna jambo ambalo mwenye kuishi Tanga au Dar es Salaam hana budi kulikumbuka. Mwezi wa Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba hupita upande wa kusini. Dirisha la kaskazini lililokuwa mahali pazuri wakati wa Krismasi laweza kuunguza majani kipupwe kikifika. Mmea unapaswa kuhama na jua. Utaujua moyo wake kwa majani: vikonyo vikirefuka na majani kuinuka juu, una njaa ya mwanga na hautachanua, majani yakipauka na kukunjamana kuelekea chini kwenye chungu, umezidishiwa. Na kila baada ya siku chache ugeuze chungu kidogo, ili duara lisiegemee upande mmoja.

Chungu kiwe kidogo. Hili ni gumu kuwashawishi watu, kwa sababu tumezoea kwamba mmea ukipewa nafasi hustawi. Dughulushi ni kinyume chake. Duara la majani likiwa na upana wa sentimita 30, chungu cha sentimita 10 kinatosha. Katika chungu kikubwa udongo wa pembeni haufikiwi na mizizi, hukaa na maji, huchacha, na mmea hushughulika na majani bila kutoa ua.

Udongo wa shambani usiutumie hata ukiwa na rutuba kiasi gani. Hushikana na kuifunga mizizi. Ninachokipendelea ni mchanganyiko wa sehemu sawa za makumbi ya nazi yaliyosagwa, mboji ya majani iliyochekechwa, na changarawe nyepesi ya volkano, ile ya vitundu inayopatikana Arusha na Bonde la Ufa. Pwani ambako changarawe hiyo ni adimu, mchanga mkubwa wa mtoni huifaa kazi, wala usichukue wa ufukweni. Makumbi yaoshwe mara kadhaa kwa maji mengi kabla ya kutumika, kwa kuwa yana chumvi, na chumvi ni adui wa mizizi hii. Mboji imwagie maji yanayochemka, uiache ipoe, ili mayai ya wadudu yafe. Ukishika mchanganyiko wako uliolowa na kuufinya, usigande kama donge. Ufunguke mkono unapofunguka. Ukiganda, ongeza changarawe.

Mbolea ni kidogo. Robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, tena kwenye udongo ambao tayari una unyevu. Ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu, hiyo ni chumvi ya mbolea iliyojikusanya, na vikonyo vya majani vinavyoulalia vitaungua. Futa ukingo, kisha mwagia maji safi kutoka juu, kwa uangalifu kuepuka kitovu, mpaka yatoke chini. Jiwe la Usambara halijapata kuipa dughulushi karamu, na hata hivyo huchanua.

Joto ndilo jambo linalowakatisha tamaa watu wa pwani. Ni kweli kwamba aina za dukani hupenda kati ya nyuzi 18 na 24, na kwamba ikizidi 30 vichipukizi vya maua hukauka kabla ya kufunguka. Nyanda za juu zinakitoa kiwango hicho bila taabu. Lakini usisahau kwamba Saint Paul alizikuta pia nyanda za chini za Tanga, karibu na usawa wa bahari. Kilichoziokoa huko ni kivuli kizito na ubaridi wa jiwe la chokaa. Basi nyumbani Tanga, Mombasa au Dar, iweke kwenye chumba cha chini kilicho baridi kuliko vyote, mbali na bati, chungu kikiwa cha udongo wa kufinyanga kinachopumua, juu ya sinia ya kokoto zenye maji ambayo hayafiki chini ya chungu. Feni inayopeperusha hewa polepole inasaidia. Kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja kinaikausha. Wakati wa kaskazi usiidai maua. Kusi likianza kuvuma na hewa kupoa, itachanua.

Wadudu sitawazungumzia sana. Vidung'ata, vile vidoa vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, viguse kimoja kimoja kwa pamba iliyochovywa spiriti. Utitiri ni hatari zaidi: hauonekani kwa macho, ila majani machanga ya katikati hudumaa, hujikunja na kuwa ya kijivu. Mmea wenye dalili hizo uutenge siku hiyo hiyo, na kama hauna thamani ya pekee kwako uutupe mbali na mingine.

Kinachonifurahisha kuliko vyote katika ua hili ni jani. Chagua lisilo kongwe wala changa, la duara la katikati. Likate kwa wembe safi, ukiacha kikonyo cha sentimita 2 au 3, mkato uwe wa mshazari ili uso wa jeraha uwe mpana. Liache dakika chache jeraha likauke, kisha lichomeke kwa kulilaza kidogo katika kikombe chenye mchanganyiko ule ule, ulio na unyevu wa kadiri. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kwenye mwanga usio na jua. Kwa mwezi hivi hakuna utakachokiona. Lakini ukilivuta jani taratibu likakataa kuja, jua mizizi imeshika. Baada ya miezi miwili au mitatu, chini ya kikonyo hutokeza masikio ya kijani madogo kuliko punje ya mchele, si moja, mara nyingi ni fungu. Yaache yakue hadi yawe na majani yanayoshikika kwa vidole, ndipo uyatenganishe, kila mche na chungu chake kidogo. Ndani ya mwaka mmoja utaona maua. Jani moja limekupa mimea mitatu, minne, pengine zaidi, na mama hajapungukiwa kitu.

Mmea ukizeeka, majani ya chini huanguka na shingo tupu hutokeza. Hapo wengi huutupa, na ni bure. Utoe kwenye chungu, kwangua shingo taratibu kwa ubapa wa kisu, kata sehemu ya chini ya donge la mizizi kwa urefu sawa na shingo, urudishe ndani ya chungu kile kile kwa kina ambacho majani ya chini yanagusa udongo mpya. Utatoa mizizi kutoka shingoni na kuwa mchanga tena. Kwa namna hii dughulushi moja huishi miaka mingi sana, ikirithiwa kutoka kwa mama hadi kwa binti.

Ile iliyobaki porini haina mtu wa kuipunguzia shingo. Inategemea kivuli, na kivuli kinategemea mti. Miti mikubwa ikikatwa juu ya mwamba, hakuna haja ya kuigusa dughulushi. Jua lenyewe linamaliza, kuvumwani hukauka, na ukuta wa jiwe hubaki mtupu. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashine za mbao ziliingia sana Usambara Mashariki, na kilimo cha iliki chini ya miti kimezuia miche mipya ya msitu kukua. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, imezinusuru sehemu nyingi. Kwingineko hali ni nyembamba: spishi ya Taita inajulikana katika Mlima Mbololo tu, na dughulushi ya Kilifi imebakiwa na majabali machache ya chokaa, jiwe ambalo wachimbaji nao wanalihitaji. Kuna miamba inayobeba spishi nzima kwenye eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukifika Amani, Mbololo au Kaloleni kule Kilifi ukaiona imechanua, itazame mpaka uridhike, uipige picha, uiache ilivyo. Mmea uliong'olewa mwambani mara nyingi hufa njiani, na hata ukipona umepaibia mahali pasipo na ziada. Ya kupanda ipate kitaluni, au muulize jirani, shangazi, mwalimu wa shule, yeyote aliye nayo dirishani, akukatie jani. Hatakunyima, jani halimpunguzii kitu. Nawe yako ikishashika, wakatie wengine, uanze na watoto wa Tanga.